Odile na Kiti cha Mwananchi

Odile Garnereau alikuwa mlinzi wa makumbusho ya mji wao mdogo kando ya mto Loire, na kazi ya mlinzi, msidanganywe, ni kukaa. Alikaa chumba cha tatu tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akikemea vidole vya watu na kufuma soksi chinichini. Magoti ndiyo yaliyotangulia kuzeeka.

Basi yakaletwa maonyesho ya michoro ya enzi ya Mapinduzi ya Ufaransa. Mkurugenzi, Bwana Courtillet, kijana wa kuvaa skafu hata mwezi wa saba, kwenye joto kali, akaondoa viti vyote vya walinzi. Eti vinaharibu mandhari!

"Na magoti yangu, Bwana Mkurugenzi?"

"Yatazoea, Madamu Odile."

Yatazoea! Kutwa akasimama mbele ya mchoro wa wauza samaki wa Paris waliovamia bunge na kujibwaga kwenye viti vya waheshimiwa. Wao wamekaa, wamepanua miguu, wanacheka. Yeye wima. Jioni alipanda ngazi za kwake akilia, kwa maumivu na kwa hasira.

Siku ya ufunguzi rasmi akaja na kiti cha jikoni kwake. Akakiweka chini ya mchoro ule, akakizungushia kamba nyekundu ya makumbusho, akabandika kikaratasi: "Kiti cha Mwananchi. Usiguse."

Jioni wakubwa wakaingia na glasi za divai. Meya, mama mwenye sauti ya kishindo, akasimama penye kamba.

"Lo! Hiki kimeshinda vyote. Wazo la nani hili?"

Courtillet ndiyo kwanza anakiona. Akawa mwekundu. Lakini sifa tamu bwana!

"Langu, mheshimiwa. Nimelitafakari miezi."

Ahaa! Odile hakungoja. Akavuka kamba, goti likalia kah, akaketi, akatoa soksi yake na kuanza kufuma.

"Madamu Odile! Unafanya nini?"

"Si ninakaa kwenye wazo lako, Bwana Mkurugenzi? Au nimewahi mno?"

Meya akamgeukia kijana. "Na huyu naye ulimpanga wewe?"

Courtillet akarekebisha skafu yake. "Ndiyo... naye pia."

"Safi sana! Asiinuke hapo mpaka maonyesho yaishe!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Odile akainamia soksi yake kuficha kicheko, na machozi ya raha yakamtoka hivyohivyo.

Kesho yake walinzi wote waliingia kazini na viti vya majumbani mwao, na Bwana Courtillet ndiye aliyewashikia mlango.