Bibi Alikuwa Wangu

Juzi jirani yangu hapa Chemchem alikuwa akikandika banda lake la kuku. Harufu ya udongo mbichi ikanifuata mpaka mlangoni, na wivu wangu wa utotoni nao ukaja, mzimamzima. Usinicheke, rafiki yangu. Ngoja nikusimulie.

Nililelewa na bibi kule Ntalikwa, sisi wawili tu. Vita ya Wadachi ilikuwa imekwisha na Mwingereza keshashika serikali, lakini watu walikuwa bado wanatangatanga. Vijiji vya kando ya njia ya zamani ya misafara ndivyo vilivyoumia, maana kila jeshi lilipita humo humo, likala mtama, likachukua wanaume kubeba mizigo, likachoma nyumba. Ndipo akatufikia mjane mmoja na binti yake wa rika langu, wamebeba chungu na mkeka, basi.

Kijiji kikaamua kuwajengea tembe, nyumba yetu ya miti na udongo yenye paa bapa. Wanaume wakakata miti huku ngoma ikiwahimiza, sisi wanawake tukasomba maji na kukanyaga udongo mpaka magotini. Palikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, na nyimbo za kuwacheka wavivu. Ningefurahi sana, kama si bibi. Yeye ndiye aliyejua kukandika kuliko wote. Kiganja chake kikipita, ukuta unalala laini. Akawa anashinda huko kutwa, na huku ukuta wetu wa nyuma una ufa wa kupitisha mkono.

"Bibi, si wewe unayesema usipoziba ufa utajenga ukuta?"

"Mwenye ufa ana ukuta, mjukuu wangu. Wenzio hawana."

Nikanuna. Loo, nilinuna mpaka uji ukanishinda!

Kwetu jiko la nyumba mpya halikuwashwa kwa kiberiti. Moto uliombwa jikoni kwa jirani, na aliyeutoa akawa mzazi wa nyumba ile, kwa heri na kwa shari. Bibi alichota makaa yetu kwenye kigae, akawapelekea kwa mkono wake. Yule binti akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Mjukuu wangu! Neno langu lile, sikuwa nimepata kumsikia akimwita mwingine hivyo. Tangu siku hiyo binti akawa anawahi kuja kutwanga, na bibi anamwekea ukoko wa ugali. Ukoko ule ulikuwa wangu, nao sikuwahi kuugombea na mtu. Nilimchukia bure mtoto wa watu, na yeye kila siku ananichekea tu.

Masika yalipoingia, ukuta wetu ukaanguka. Tukahamia kwao, tukawa tunalala mkeka mmoja na yule binti, bibi katikati, nami nangojea nione atageukia upande gani. Nyumba yetu haikujengwa tena. Nikiuliza, bibi anashangaa, "Si tuna nyumba?"

Nikakua, nikaolewa mjini na mtu wa reli. Yule mwenzangu alibaki. Ndiye aliyemlisha bibi alipoacha kuona, akamwogesha, akamfumba macho. Mimi nilifika matangani.

Siku hizi huko wanajenga kwa matofali na mabati, na moto kila mtu anawasha wake. Hata ngoma ya ujenzi sijui kama yupo anayeikumbuka. Siku ile ya matanga tembe lilikuwa bado limesimama, na ukutani alama za vidole vya bibi zinaonekana. Msichana mmoja akanipokea mlangoni kwa adabu.

"Karibu, mama. Wewe ni mgeni wa nani?"

Ndipo akatoka yule mwenzangu, macho yamemvimba kwa kilio, wanawake wote wakimpa pole kama mfiwa. Akanipokea mzigo wangu, akanishika mkono.

"Pole, dada. Karibu kwetu."

Nikainama nisijigonge mlangoni, nikamjibu kama wanavyojibu wageni: "Asante, nimeshakaribia."