Alama Isiyosomeka

Chama cha ushirika kilipofilisika na wanunuzi binafsi wa pamba wakajaa Bariadi na mizani zao, mimi karani wake nilibaki na kazi moja tu niliyoijua: kupiga chapa. Nikanunua mashine kuukuu ya ofisini, nikaiweka kibarazani karibu na soko. Kitufe cha nyota, tuliyozoea kutenganishia aya, kilikuwa kimevunjika. Kilichobaki kizima, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukitumia, ni kile cha §, S mbili zilizopandana. Nikakifanya kitenganishi changu. Aya ikiisha, §, halafu aya nyingine.

Mwaka huohuo baba alilala kitandani kijijini kwetu Ngulyati, asiinuke tena. Akaniita nimwandikie wosia. Alisema kwa Kisukuma, nami nikageuza kwa Kiswahili. Alikuwa akisema kidogo, ananyamaza, anatazama paa, kisha anaendelea. Sikutaka kuyashindilia maneno yake kama pamba kwenye gunia. Kila aliponyamaza nilipiga §. Mwishoni alisema majaruba ya mpunga ni yangu, maana mume sina na mshahara umekufa. Akaweka dole gumba.

Kwetu wosia husomwa siku ya kumaliza msiba, mbele ya ukoo, na kila kilichoandikwa sharti kitamkwe. Wosia wa baba, katekista aliusoma vizuri hadi kwenye alama ya kwanza, akakwama.

"Hapo pameandikwa nini?" aliuliza baba mdogo.

"Kuna alama. Haisomeki."

"Basi kuna maneno yametolewa."

Nilieleza kwamba pale baba alikuwa kimya tu. Wakanitazama kama mwizi wa ng'ombe. Nani anaandika kimya? Huyu wa ofisini amekata maneno ya marehemu, akapachika ya kwake! Nikapandwa na hasira, nikapayuka, nikazidi kujiharibia. Hadi jioni majaruba yalikuwa ya kaka zangu wakubwa.

Siwezi kulisimulia jambo hili bila uchungu, wala sijaribu. Niliuchukia ukoo, nikaichukia mashine, nikaichukia hata mvua iliyonyesha vizuri mwaka ule juu ya mpunga usio wangu.

Baada ya mavuno, mdogo wetu wa mwisho alikuja kibarazani. Baba alipofariki, yeye alikuwa Lamadi kwenye biashara ya samaki, na yeye na baba walikuwa hawasemezani kwa muda mrefu. Jina lake halikuwamo popote kwenye wosia.

"Mwangaluka, dada."

Nikaiitikia salamu. Akaikunjua karatasi ya baba juu ya meza yangu, akaweka kidole kwenye § ya kwanza.

"Mimi mashamba siyataki, dada. Niambie ukweli tu. Hapa baba alinitaja?"

Nilitafuta uongo wa kumpa, sikuupata.

"Alikuwa kimya, mdogo wangu."

Akakisogeza kidole hadi kwenye alama iliyofuata.

"Na hapa?"