Beseni la Mfiwa

Miaka ya tisini niliajiriwa na kampuni ya washauri iliyokuwa na chumba kimoja Migori, juu ya duka la mbolea. Kazi yangu ilikuwa kuandika vijitabu vya kurasa nne, ambavyo bosi aliwapelekea wafadhili na maofisa wa serikali, ili siku wakitafuta mshauri waseme hawa ndio wanaolijua ziwa. Humo hatukujitangaza hata kwa neno moja. Bosi alisema anayejisifu hatafutwi. Msaidie msomaji alione tatizo lake vizuri kuliko jana, atakuja mwenyewe. Nilimwamini, tena kwa majivuno. Nilikuwa na digrii mpya na taipureta, nikadhani hakuna kinachonishinda.

Kijitabu cha omena, wale dagaa wa ziwani, kilitoka kinywani mwa shangazi yangu, dada ya baba, aliyenunua omena ufuoni Homa Bay na kuianika. Siku mbili nilikaa naye mchangani nikiuliza, naye akinicheka kwamba nimesoma hadi nimesahau kuketi chini. Alinieleza jinsi wanawake wanavyosukumana mitumbwi ikitua, na nani huumia. Kisha akanieleza jambo ambalo halikuwa limeandikwa popote: mwanamke aliyefiwa na mume, akirudi ufuoni baada ya matanga, hujaziwa beseni kabla ya mwingine yeyote, mpaka msimu mmoja wa mvua upite.

"Huyo bado anaona kaburi," alisema. "Hawezi kupigana na sisi."

Niliandika aya nzima juu ya desturi hiyo. Bosi alirudisha rasimu akisema kijitabu kibebe wazo moja tu, kwa maana ukimpa msomaji mawili anaondoka mikono mitupu. Wazo letu lilikuwa foleni: wanunuzi waandikishwe, wahudumiwe kwa zamu ya kufika, na vurugu zitakwisha. Hakuniambia niitoe aya ya mfiwa. Niliitoa mwenyewe kwa kalamu nyekundu, nikaona maandishi yamenyooka.

Kijitabu hicho kilisomwa kuliko vyote tulivyotoa. Ofisi moja ya serikali ilikipeleka kwa kamati ya ufuo, kamati ikaweka daftari na karani, nasi tukapata kazi tuliyokuwa tukiiwinda. Bosi aliagiza soda na samaki, tukala tukipongezana.

Mwaka uliofuata mume wa shangazi alifariki. Siku shangazi aliporudi ufuoni baada ya matanga nilimsindikiza, nikimbebea beseni. Alitembea taratibu, tukafika wengine wakiwa wamejipanga. Akaenda moja kwa moja mbele, kama yeye mwenyewe alivyowapisha wengi. Karani, kwa adabu, akamwonyesha mwisho wa foleni. Mwanamke mmoja alitaka kumpisha, akaambiwa jina lake litafutwa daftarini. Wengine waliinamisha macho. Omena iliisha kabla hatujafika mbele.

Shangazi alinigeukia.

"Hii foleni ni ya kitabu yako?"

"Ndiyo, Waya," nilisema, nikimwita shangazi kwa lugha ya kwetu.

"Na mimi nilikuambia juu ya mfiwa."

"Uliniambia."

"Sasa mbona hukuandika, nyathina, mtoto wangu?"

Nilimjibu kwamba karatasi ilijaa. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeelezwa bei ya kitu, akachukua beseni lake tupu mikononi mwangu. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Niliporudi Migori nilimwomba bosi tutoe kijitabu kingine, kifupi tu, kuhusu wafiwa. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema kampuni inayojikosoa kwa maandishi haiitwi tena. Niliacha kazi miezi michache baadaye, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Shangazi aliacha omena, akalima mboga mpaka alipokufa, na hakuna siku aliyolitaja jambo lile tena. Moyo unaniuma hata sasa.

Nakala moja ya kijitabu ninayo. Ukurasa wa nne una maandishi hadi katikati. Chini yake ni peupe. Nimewahi kupima kwa rula. Aya ile ingetosha, na nafasi ingebaki.