Maswali Niliyomuuliza Domitila

Siku yangu ya kwanza kazini Kasulu, mkuu wa kitengo cha mazoezi tiba hakunionyesha vitanda wala vifaa. Alinikalisha kwenye benchi nje, akasema, "Bwana mdogo, tazama wanavyokuja. Mgonjwa wa mgongo tunaanza kumpima getini." Mimi mtu wa Korogwe, nina cheti kipya mkononi, nikaona mzee ananipotezea muda.

Watu walituita wanyooshaji. Walidhani ukifika unashikwa, mgongo unalia ka!, unarudi shambani mzima. Kumbe kwanza ni maswali: maumivu yalianza lini, yanashuka mguuni, yanakuamsha usiku, una homa, haja ndogo unaweza kuizuia? Kisha unatembea, unainama, nakugonga goti kwa kinyundo nione mguu unavyoruka. Mikono hufuata baadaye, pamoja na mazoezi ya kufanya nyumbani, ambayo wengi hawakuyafanya na wakanidanganya bila haya. Kesho yake mwili huuma kidogo. Usiogope.

Nikahamishiwa Kibondo. Huko aliletwa Domitila, mke kijana kutoka Murungu, amesindikizwa na baba mkwe wake. Foleni ilikuwa ndefu. Nikamuuliza maswali yote, mzee amekaa pale pale. Domitila alitazama sakafu.

"Na haja ndogo je?"

"Nta kibazo," akajibu kwa Kiha, yaani hakuna tatizo.

Mke wa watu hataji mambo ya mwili wake mbele ya baba mkwe. Nililijua hilo vizuri, nilikuwa nimekaa Buha, nchi ya Waha, miaka ya kutosha. Lakini niliitazama foleni, nikaandika "hakuna tatizo" kila mahali, nikamkanda, nikampa mazoezi.

Baada ya wiki kadhaa alirudi kwenye machela. Ilikuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa unaokula pingili polepole. Ukiwahiwa, mtu hutembea. Mganga mfawidhi alisoma maandishi yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulimuuliza akiwa na nani?" Nilikwenda kulia chooni.

Dawa ziliuondoa ugonjwa. Miguu haikurudi.

Kabla ya kustaafu nilikwenda Murungu. Nilimkuta mkekani anachambua maharage. Nikamwomba radhi. Alichambua kwanza, kisha akasema, "Daktari, siku ile mkojo ulinitoka njiani. Nilitembea nyuma ya baba mkwe asione. Nikasema moyoni, daktari akimtoa nje, nitamwambia."

Nyinyi mnaoanza sasa, msindikizaji atoke kwanza, hata akinuna. Zamani niliwatupia wagonjwa ile methali ya mficha maradhi kifo humuumbua, na nilijiona nina hekima. Sasa niko nyumbani, siisemi tena. Domitila alitembea kutoka Murungu kuja kuniambia, na mimi sikuinuka kufunga mlango.