Samli Kwenye Kijiti cha Kioo

Miaka ile kiberiti kilikuwa kitu cha kufichwa kwenye sanduku la nguo. Maduka ya barabara ya Mukendo yalikuwa rafu tupu, na shuleni kwetu Musoma chumba cha fizikia hakikuwa hata na gesi. Mkuu wa shule akatutangazia kwamba wageni wa elimu wasipoona kitu cha maana kwenye maonyesho ya Butiama, chumba kile kitakuwa ghala la mahindi, na sisi wasichana tutahamia sayansi kimu. Mimi na sayansi kimu wapi na wapi! Nilikuwaga naunguza hata uji.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametufundisha kwamba mwanga ukiingia ncha moja ya kijiti cha kioo, unapita humohumo ndani ukigonga kuta, hadi utokee ncha ya pili, hata kijiti kikipinda. Nikamwambia nitawasha kiberiti kwa jua lililopita kwenye kona. Akacheka, akasema haya, kakitafute hicho kijiti.

Nikadandia lori mpaka Bunda kwa mjomba, kaka yake mama, ambaye alikuwa mhunzi. Nilimpelekea vipande vya chupa nyeupe ya soda. Akavukuta moto hadi kioo kikawa laini kama ugali wa muhogo, akakishika kwa koleo mbili, akavuta. Jamani! Kikarefuka palepale machoni petu, chembamba kuliko penseli, kinang'aa, naye akakipinda kabla hakijapoa. Nilirukaruka mle kiwandani mpaka mbuzi wakakimbia.

Sasa, kwa wahunzi wa ukoo wetu kitu kilichotoka motoni hakikabidhiwi kikiwa kikavu. Hupakwa samli kwanza, iwe jembe, iwe kisu. Mjomba akachota samli kwenye kibuyu. Nikamnyang'anya kijiti. Nilimwambia hii ni sayansi, uchafu wa ng'ombe hautakiwi. Akairudisha samli kibuyuni, lakini siku ya maonyesho alikuja Butiama na kibuyu chake kwapani.

Ili kijiti kisivunjike njiani nilikuwa nimekilaza kwenye mfereji wa ubao na kukigandisha kwa lami ya mafundi mitumbwi wa Mwisenge. Kilishika vizuri sana, nikajisifu. Wageni wakatuzunguka. Mwalimu akaelekeza jua la dirishani kwa lenzi kubwa kwenye ncha moja, mimi nikashikilia njiti ya kiberiti kwenye ncha ya pili. Tukangoja. Badala ya njiti kuwaka, lami ndiyo ikaanza kufuka moshi. Mgeni mkubwa akaitazama saa yake, na mkuu wa shule akaanza kumwonyesha mlango. Niliyaona mahindi yakimwagwa juu ya meza zetu. Machozi yakanilengalenga.

Mjomba hakuomba ruhusa. Alikibandua kijiti, akaisugua lami yote kwa samli mpaka ikatoka, akajaza samli kwenye mfereji na kukilaza humo. Aliniambia, "Mama, hiki kilitoka motoni ukakikatalia haki yake."

Watu walicheka. Nami kwa hasira nikafuta ncha mbili tu, nikamwomba mwalimu ajaribu tena, maana nilikuwa sina la kupoteza. Jua likaingia. Samli ikayeyuka, ikawa angavu kama maji, na ncha ya pili ikawaka nyeupe hata sikuweza kuitazama. Nikaigusisha njiti. Fwaa!

Nilipiga kelele, na sijui nilisema nini. Mwalimu alikuwa ameinama juu ya ubao, akinong'ona kwamba lami ilikuwa inaumeza mwanga kila ulipoigusa, na samli ni nguo, inaurudisha ndani. Mjomba akauliza kama nguo si ndiyo aliyosema tangu Bunda. Ukweli ni kwamba hakuwa amesema hivyo, alikuwa anafuata mila tu, lakini nani angembishia?

Mgeni mkubwa alirudi mbio. Akachomoa sigara mfukoni, akainama, akaiwasha kwenye njiti yangu kabla haijaniunguza vidole. Akavuta moshi kwanza, macho amefumba, kisha akamwambia mkuu wa shule, "Mahindi tafuteni pengine."

Nikakichukua kijiti kikiwa bado cha moto, nikamkabidhi mjomba kwa mikono miwili. Nikamwomba akipake tena.