Namba za Herufi za Mama

Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikisema niliwahi kusaidia kutengeneza programu ya kompyuta, wajukuu hucheka. Wacheke. Ilikuwa miaka ya soko huria, Dodoma imeanza kupata nyumba za barua pepe, na mimi nilikuwa nafagia mojawapo. Nilipanga Ipagala, chumba kimoja, paa linavuja. Lakini hilo si la leo.

Mama alikuwa Kondoa. Kaka yake alikuwa Maskati, mgonjwa, na walikuwa hawasemezani tangu mama alipomuuza punda wa marehemu babu mnadani Chemba bila kumuuliza. Punda mwenyewe hakuwa wa kugombewa, alikuwa anauma. Sasa mama alitaka radhi kabla mmoja wao hajafukiwa. Posta ingechukua mwezi. Simu, mjomba akisikia ni dada yake, alikuwa anakata. Na wote wawili walisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, hawajui herufi nyingine ila za Kiarabu.

"Niandike kwa herufi za shule," nikamwambia mama, "mkwe wa mjomba atamsomea."

"Maneno ya kuombana radhi hayasomwi na mkwe."

Akaandika ukurasa mzima, Kiswahili kwa herufi zake. Pale kazini alikuwepo dada mmoja wa Bukoba, fundi wa kompyuta. Akanitafutia herufi za Kiarabu ndani ya mashine, nikachapa kwa kidole kimoja siku mbili. Nilimwahidi mama nitasoma herufi, si maneno. Nilijitahidi.

Tukaituma kwa barua pepe ya mjukuu wa mjomba, naye akajibu: "Babu amepata alama za kuuliza ukurasa mzima. Anasema, mnamuuliza nini?"

Dada akacheka, halafu akaona sura yangu, akaacha. "Mzee wangu, kompyuta haijui herufi. Inajua namba. Kila herufi inageuzwa namba ndipo isafiri. Njiani kuna mashine haikuzijua namba za herufi zenu, ikaweka kiulizo."

"Kumbe ni namba tu? Mbona chuoni tulifundishwa? Alif moja, be mbili, jim tatu, mpaka ghaini elfu moja. Mama anazijua. Mjomba naye anazijua, bakora tulichapwa na ukoo uleule wa walimu."

Akaniangalia kama aliyemkuta mbuzi anasoma gazeti. Nikasema basi tupeleke namba zenyewe, nitazichapa. Akakataa, hawezi kumwacha mtu ageuze herufi kwa mkono ndani ya nyumba ya kompyuta. Akaandika programu, mimi nikimtajia herufi na namba yake.

Tukajaribu. Nikabonyeza shini, ambayo ni mia tatu. Ikatoka arobaini na nne.

"Hakuna herufi ya arobaini na nne," nikasema.

Akakuna kichwa. "Kila herufi nimeipa kisanduku kimoja. Kisanduku mwisho wake mia mbili hamsini na tano. Ikizidi, inaanza upya kuhesabu."

"Nani kaamua iishie hapo?"

"Ndivyo zilivyotengenezwa, mzee."

"Basi na zenyewe ziliishia la tatu."

Akaipa kila herufi visanduku viwili. Shini ikatoka mia tatu, khe mia sita, ghaini elfu yake kamili. Juu kabisa nikaweka 786. Aliyepita chuoni kwetu anajua hiyo ni bismillahi ikijumlishwa namba zake, na akishaiona atajua zilizobaki zinasomwaje.

Tukaituma. Siku tisa kimya. Nilifagia mpaka pasipo na vumbi. Siku ya kumi ikaja karatasi: 786, na chini yake mstari mmoja wa namba. Sikuusoma. Nikapanda basi la Kondoa.

Mama alikaa kizingitini, akapitisha ukucha namba kwa namba, midomo inacheza. Alipofika mwisho akarudia tena.

"Kasemaje?"

"Kasema punda alikuwa wake."

"Basi?"

"Basi."

Mama akajifuta macho kwa pembe ya kanga, akanyoosha mkono.

"Lete kalamu," akasema. "Mwambie alikuwa anauma."