Jile Lenye Mifuko Mingi

Kazi yangu ni kuopoa mali ya watu majini. Njia ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare haina huruma kwa msafiri, na inapokutana na mto Luama, mitumbwi huupokea ukatili pale njia ilipouachia. Mtumbwi mmoja utapakiwa pikipiki, mabati, madumu ya mawese, mbuzi na watu, halafu mwenyewe anashangaa maji yameingilia wapi. Patroni wangu, mfanyabiashara wa Kasongo, ndiye mwenye mitumbwi hiyo. Anapokea nauli ya kuvusha, na mtumbwi ukizama anapokea malipo ya kuopoa. Sijaona mtu anayemshukuru Mungu kwa mvua kama yeye.

Chupa za hewa alizinunua zamani kule Uvira, pamoja na mashine ya kuzijaza, kwa mtu aliyekuwa akivua samaki wa mapambo ziwani. Mikanda hakununua. Kwa hiyo chupa yangu niliifunga mgongoni kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi, na kiunoni nilining'iniza dumu tupu la kunisaidia kupanda juu. Mwenzangu wa kazi, Mbangubangu mmoja mwenye ulimi mkali, alikuwa akiniambia kwamba nafanana na mbuzi aliyefungwa nyuma ya pikipiki kupelekwa sokoni.

Siku moja patroni akarudi kutoka Uvira na gunia. Akatoa vitu viwili vya kubebea chupa majini, akavitandaza kwenye baraza yake kama mtu anayeonyesha mahari.

Cha kwanza kilikuwa jile, yaani kizibao cha kuzamia, jeusi na bluu, lenye mifuko kila mahali, pete za chuma mabegani, na kitufe cha kulijaza hewa. Cha pili kilikuwa bamba la chuma lenye mikanda mitupu, na nyuma yake mfuko wa mpira uliokunjwa kama tumbo la ng'ombe machinjioni.

"Chagua yenye unapenda," patroni akasema, huku akilivaa lile jile yeye mwenyewe.

Akalifunga juu ya shati lake jeupe na kuzunguka nalo barazani. Akaomba apigwe picha. Kisha akashuka nalo mpaka kwenye maduka, juani, jasho likimtiririka, akisalimia watu polepole ili wapate nafasi ya kuuliza. Aliporudi akasema, "Muuzaji alinieleza: hewa ni uhai. Jile lijae saa zote. Mutu hawezi kufa ndani ya hii."

"Na lile bamba?" nikauliza.

"Ile walinipa kama nyongeza."

Ningeweza kusema nilishinikizwa, lakini ukweli ni kwamba jile nililitaka. Nilijiona nikitembea nalo ng'ambo ya mto, na watu wakidhani nimetumwa na serikali. Mwenzangu akaligonga bamba kwa kidole, likalia. "Chukua hilo lako la harusi," akaniambia.

Nyumbani, mke wangu alilikagua jile mfuko kwa mfuko.

"Mifuko yote hii utatia nini? Chini ya maji kuna soko?"

"Vifaa."

"Vifaa gani? Weye uko na kamba na mikono."

Tulilijaribu mahali ambapo mto umetulia, wanawake wanapoloweka mihogo. Nikalijaza jile ukingoni, kama muuzaji alivyoagiza. Likanibana mbavu hadi sauti yangu ikawa ya mtoto. Nikaingia majini, nikainama nizame. Nikakataliwa. Nikapiga miguu, nikazunguka mahali pamoja kama kifuniko cha sufuria kwenye karai. Nikaongeza mawe ndani ya mifuko, maana hatimaye nilikuwa nimepata cha kutia. Sehemu ya chini ikazama, mabega yakabaki juu, na pedi za jile zikanifunika masikio.

"Huyu ndiye fundi wa maji?" mama mmoja akauliza wenzake. "Mbona maji hayamujui?"

Nilipotoa hewa, nilitoa yote kwa hasira. Nikashuka kama jiwe na kuketi katikati ya mihogo yao. Matusi niliyopewa nilipotoka, mengine yalikuwa ya Kibangubangu, na mwenzangu alinitafsiria kwa furaha kubwa.

Patroni hakukubali kusikia neno. "Utazoea," alisema. Picha yake ilikuwa imeshapendwa na watu wengi.

Majuma machache baadaye, mtumbwi wake ukapinduka ukiwa umebeba grupu ya umeme ya kanisa fulani, yaani jenereta, pamoja na spika na wanakwaya. Wanakwaya waliogelea hadi ukingoni. Grupu haikujua kuogelea. Asubuhi iliyofuata kijiji kizima kilikuwa mtoni, na mchungaji mbele, amevaa koti. Patroni akaagiza nivae jile mbele ya umati huo.

Chini hapakuonekana kitu, maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nikipapasa kwa mikono nilipohisi nimeshikwa begani. Mti uliozama ulikuwa umepitisha tawi lake ndani ya pete mojawapo ya yale mapambo. Nikavuta mbele, nikavuta nyuma. Mifuko ikafunguka na kujaa mkondo, ikanivuta kama tanga. Niliogopa. Sisemi kwa ushujaa: niliogopa mpaka nikamwita mama yangu ndani ya kipumulio. Kisha nikafungua vifungo kimoja kimoja, nikajitoa ndani ya jile, nikaacha chupa na kipumulio hukohuko, na kupanda nikitoa pumzi taratibu. Nilitokea mbali kidogo, nyuma ya matete, nikashika mizizi na kukohoa. Sikuwa na nguvu hata ya kuita.

Nikiwa hapo, jile likajing'oa kwenye tawi. Lilikuwa na hewa yake bado. Likaibuka katikati ya mto, mabega juu, bila kichwa.

Ukelele uliopigwa sitausahau. Mke wangu akajitupa chini. Mchungaji, mtu mwepesi wa kazi yake, akavua kofia na kuanza kuikabidhi roho yangu. Patroni ndiye pekee aliyejirusha majini na viatu vyake, na nakiri kwamba moyo wangu ulilainika nilipomwona. Akalifikia jile, akalikumbatia, akaligeuza huku na huku, akaingiza mkono ndani, halafu akapiga kelele kwa ukingo wote:

"Halikupasuka!"

Nikatoka kwenye matete. Mwenzangu aliniona wa kwanza, akamwambia mchungaji, "Pasta, ngoja kwanza, marehemu anakuja." Mke wangu akaja mbio, akanikumbatia, kisha akanipiga kofi, na kofi hilo lilikuwa na mapenzi kuliko maombi yote ya asubuhi ile.

Tangu hapo nikalichukua bamba. Sitasema lilinipenda mara moja. Mikanda ilikuwa mirefu, chupa ikanigonga kisogoni. Tukaifupisha, nikashindwa kuinua mikono kama mtu aliyevishwa shati la mdogo wake. Mke wangu akaishona upya mara kadhaa, mpaka kiganja kikapita kati ya mkanda na kifua bila kugombana. Nikiwa juu ya maji, ule mfuko wa nyuma ulinisukuma uso mtoni, nikanywa Luama ya kutosha kabla ya kujua kwamba natakiwa niegemee nyuma, kama mzee kwenye kiti chake. Na chini niliutia hewa kidogo, kidogo tu, nikangoja. Siku moja nikahisi sishuki wala sipandi. Tope lilikuwa chini yangu, halikuchafuka. Nilikaa hapo kwa furaha, nikiwa sina la kufanya.

Grupu tuliitoa. Mchungaji alimshukuru Mungu, akamshukuru patroni, akaishukuru kwaya kwa kuogelea. Walipoivuta kamba ya kuiwasha ilitema maji na uzi mmoja wa ute kama mlenda, ikanyamaza.

Sasa mwenzangu naye anataka bamba. Kifua chake ni kipana, kwa hiyo kila akilitumia ananiachia mikanda imelegea, na kila nikilitumia namwachia imekazwa. Jana tulikuwa na kazi ya mabati ya mtu mmoja wa kijiji cha Wamaza, na mpaka jua likawa kali tulikuwa bado ukingoni, tumeshika kila mmoja upande wake wa mkanda, tukitukanana.